Shughuli za nje ya darasa kwa wanaoomba chuo mapema Marekani

Mama Rehema, Columbus:

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kwenu. Binti yupo darasa la 11 na anataka kuomba chuo mapema, fomu iingie kabla ya tarehe 1 Novemba mwaka huu. Alama zake nzuri. Kinachotusumbua ni ule ukurasa wa shughuli za nje ya darasa, maana shuleni hana klabu hata moja. Anaimba kwaya, mwisho wa wiki anafanya kazi kwenye duka la vyakula, jioni anabaki na wadogo zake watatu. Wapo wanaosema ajiunge haraka na klabu tatu nne, wengine tumlipie kozi ya kiangazi chuoni. Wenye ujuzi tushaurini.

Mwalimu Salum, Minneapolis:

Marahaba, Mama Rehema. Shughuli anazo tayari, tena mbili kati ya hizo tatu zina uzito kupita klabu nyingi. Kwenye Common App, ile fomu moja ya mtandaoni inayotumwa kwa vyuo vingi, unachagua aina ya shughuli kutoka kwenye orodha, na humo imo kazi ya mshahara na yamo majukumu ya familia, sawasawa na mpira, muziki au mdahalo. Wazazi wengi wa kwetu hawaandiki haya kwa sababu kulea mdogo wako ni wajibu, hakuna anayekupongeza. Lakini anayesoma fomu asipoambiwa ataona msichana aliyetoka shule saa tisa akaenda kukaa. Akiambiwa, anazisoma alama zake akijua zimepatikana katika mazingira gani.

Fomu ina nafasi 10. Kila moja ina herufi 50 za cheo, 100 za jina la shirika na 150 za maelezo, na nafasi kati ya maneno nayo inahesabiwa. Kisha anatia alama kwenye madarasa aliyofanya shughuli hiyo, 9 hadi 12, anasema kama ni wakati wa masomo au likizo, na anajaza saa kwa wiki na wiki kwa mwaka. Si lazima kujaza zote 10. Fomu ya MIT huomba nne tu. Ya University of California ina nafasi 20 zenye maelezo ya herufi 350, ila huko hakuna kuomba mapema.

Sasa hizo klabu tatu nne. Fomu ikiondoka Oktoba, darasa la 12 ndiyo kwanza limeanza. Klabu aliyojiunga Septemba itaonyesha alama kwenye darasa la 12 peke yake na wiki 5 au 6, na msomaji ataelewa mara moja imeingia kwa nini. Kwa anayeomba mapema, kinachohesabika ni kilichofanyika mpaka likizo ya kiangazi baada ya darasa la 11. Ninyi bado mna miezi, itumieni kumpandisha pale pale alipo. Kwenye kwaya aombe kazi yenye jina: kufundisha kwaya ya watoto, kutunza ratiba ya mazoezi, kuandika nyimbo kwa noti ili zisipotee. Dukani aulize kama anaweza kufundisha wafanyakazi wapya kwenye mashine ya malipo. Kinachotafutwa ni vitu vinne: amekaa muda gani, amebeba jukumu gani, nini kimebadilika kwa sababu yake, na nani anaweza kuthibitisha.

Maelezo yenyewe yaanze na kitendo na yawe na namba. Fomu inajazwa kwa Kiingereza, ila mfano huu unaonyesha umbo lake:

"Hulea wadogo 3 (miaka 4–10) baada ya shule: kuwapokea kituoni, kupika, kusimamia kazi za shule, hujaza fomu za shule na bima kwa Kiingereza."

Haifiki herufi 150 na hakuna neno la kujisifu. Maneno kama "kujituma" na "moyo wa uongozi" yanakula nafasi bila kumwambia msomaji lolote.

Baba Imani, Dallas:

Mwalimu amesema yote ya msingi. Naongeza la saa, kwa sababu hapo wengi wanaharibu. Fomu inatoa kisanduku kimoja tu cha saa kwa wiki, wakati mtoto anafanya saa nyingi likizo na chache shule zikifunguliwa. Usiandike zile za likizo kana kwamba ni za mwaka mzima. Tafuta wastani. Kiangazi saa 20 kwa wiki 10 ni 200. Wakati wa masomo saa 6 kwa wiki 30 ni 180. Jumla 380 kwa wiki 40, yaani saa tisa na nusu. Andika 9, wiki 40. Ukimaliza shughuli zote jumlisha saa za wiki moja. Ikitoka 60 juu ya shule yenyewe, hakuna atakayeamini hata zile za kweli. Mtoto anatia saini kwamba kila alichoandika ni kweli, na chuo kina haki ya kumpigia simu mshauri wa shule au kufuta nafasi baadaye.

Kwa malezi ya nyumbani msikadirie kwa huruma. Shule inaisha saa tisa, mzazi anarudi saa moja usiku, siku tano: hizo ni saa 20. Toeni muda anaofanya kazi zake za shule wadogo wakicheza, mtabaki na kama 14. Hiyo 14 ndiyo ya kuandika.

Wenye watoto wadogo zaidi, mjue sheria ya shirikisho kabla hawajaajiriwa. Wa miaka 14 na 15 wanaruhusiwa saa 3 siku ya shule na 18 kwa wiki ya shule. Shule zikifungwa ni saa 8 kwa siku na 40 kwa wiki. Mwisho ni saa moja usiku, isipokuwa kati ya tarehe 1 Juni na Labor Day (Jumatatu ya kwanza ya Septemba) ambapo ni saa tatu usiku. Majimbo mengine yanabana zaidi, na mengine yanataka kibali cha shule. Halafu kuna hadhi ya uhamiaji: mkimbizi, aliyepewa hifadhi na mwenye green card wanaweza kuajiriwa, lakini mtoto mwenye viza ya H-4 au F-2, yaani ya kumfuata mzazi mfanyakazi au mwanafunzi, hawezi kupokea mshahara bila kibali. Huyo ajitolee, na kazi ya kujitolea ina nafasi yake kwenye fomu.

Dada Zuhura, Boston:

Mama Rehema, kabla ya kupamba ukurasa wa shughuli hakikisheni chuo kinaujali. Tafuteni mtandaoni jina la chuo pamoja na maneno Common Data Set (taarifa ya takwimu ambayo chuo hutoa chenyewe), mfungue sehemu ya C7. Kuna jedwali linalotaja shughuli za nje ya darasa, kazi, kujitolea na kipaji, na chuo chenyewe kimeweka alama: muhimu sana, muhimu, huangaliwa, au haiangaliwi. Vyuo vya California State huchukua wanafunzi kwa alama na masomo. Kuhangaikia klabu kwa ajili yao ni kumchosha mtoto bure.

Pia msichanganye aina mbili za kuomba mapema. Early Action haimfungi mtoto. Anapata jibu mapema na anaweza kulinganisha mpaka tarehe 1 Mei. Ohio State, hapo kwenu, ina hiyo. Early Decision inafunga: inasainiwa na mtoto, mzazi na mshauri wa shule, na akikubaliwa anaondoa maombi yake mengine yote. Anaweza kujitoa kama msaada wa fedha hautoshi, lakini familia inayotegemea msaada inapoteza nafasi ya kulinganisha ofa. Nisingemshauri mzazi asaini kabla hajajaza kikokotoo cha gharama halisi. Kila chuo kinachopokea fedha za shirikisho kinatakiwa kuwa nacho kwenye tovuti yake. Kinaitwa Net Price Calculator. Na si kila chuo kinangoja Novemba. University of Georgia na UNC Chapel Hill hufunga awamu ya mapema tarehe 15 Oktoba.

Kama kipato cha familia ya watu wanne hakizidi takriban dola 65,000, someni habari za QuestBridge National College Match, mpango unaowaoanisha wanafunzi wa kipato kidogo na vyuo. Kuomba ni bure, fomu hufungwa mwishoni mwa Septemba, na anayeoanishwa na chuo Desemba anapata ufadhili kamili wa miaka minne. Majukumu ya familia na kazi ya mshahara ndiyo mambo wanayotaka kuyasoma. Ila nao kwa vyuo vingi unafunga, kwa hiyo soma masharti ya kila chuo ulichokipanga.

Mama Rehema, Columbus:

Nashukuru sana ndugu zangu. Na hizo kozi za kiangazi? Tuliyotajiwa ni zaidi ya dola 5,000 kwa wiki tatu.

Mwalimu Salum, Minneapolis:

Usilipe. Kozi nyingi za namna hiyo humchukua yeyote mwenye ada, na nyingine huendeshwa na kampuni iliyokodi mabweni tu. Wasomaji wa fomu wanazijua. Akifurahia somo lenyewe na fedha ipo, sawa. Kama njia ya kuingia chuoni, hapana. Programu zenye heshima huchuja waombaji na hazitozi ada: RSI na MITES, za sayansi na teknolojia pale MIT, au seminari za shirika la Telluride ziitwazo TASS. Maombi yake hufungwa katikati ya baridi, kati ya Desemba na Februari, kwa hiyo wazazi wa darasa la 10 ndio wanaopaswa kuanza kuzifuatilia.

Kiangazi hiki binti yako aendelee na duka, na aongeze jambo moja linalotumia lugha yake. Aende maktaba ya umma iliyo jirani, amuone mhusika wa sehemu ya watoto akiwa na karatasi moja: saa ya hadithi kwa Kiswahili, dakika 45, wiki 6, umri wa watoto, vitabu gani, nani atasambaza tangazo. Aende Machi, kwa sababu ratiba ya kiangazi hupangwa mapema. Jambo kama hilo hukwama pale mtoto anapokwenda Juni na wazo tu. Kila wiki aandike idadi ya waliokuja, hizo ndizo namba za kwenye maelezo. Watoto wa wengine wanaweza kuuliza vituo vya VITA (Volunteer Income Tax Assistance), ambako watu wa kujitolea huwajazia wengine fomu za kodi bure, kuanzia mwisho wa Januari hadi katikati ya Aprili. Vinahitaji wapokeaji na wakalimani, na umri wa chini wa kujitolea uulizwe kituoni.

Hospitali ni habari nyingine. Msimpeleke mtoto akatafsiri kwa daktari ili apate cha kuandika. Kanuni za shirikisho zinazuia hospitali kumtegemea mtoto kama mkalimani ila kwenye dharura, na mgonjwa ana haki ya mkalimani bila malipo.

Kiswahili chenyewe kinaweza kumpa tuzo. Majimbo mengi hutoa Seal of Biliteracy, tuzo ya kumudu lugha mbili, kwa anayethibitisha uwezo wake katika lugha hizo, na ACTFL, shirika la Marekani la walimu wa lugha, ina mtihani wa kuzungumza Kiswahili. Aulize mratibu wa lugha wa wilaya muhula huu. Akisubiri darasa la 12, matokeo yatakuja baada ya Novemba na hayawezi kuandikwa. Mwenye Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi afanye mazoezi ya kuandika Kiswahili sanifu, maana kuongea vizuri hakumhakikishii alama za kuandika. Hii ikipatikana inaingia sehemu ya tuzo, yenye nafasi 5, wala haipunguzi zile 10.

Baba Imani, Dallas:

La mwisho kwa upande wangu. Barua za walimu ziombwe Mei, kabla walimu hawajatawanyika, na mshauri wa shule apewe orodha ya shughuli hizi kwa maandishi, kwa sababu barua yake inatakiwa kuthibitisha kuhusu wadogo na kazi. Asipojua hataandika. Common App hufunguliwa upya tarehe 1 Agosti. Shughuli ya kwanza kwenye orodha iwe ile iliyobeba muda na jukumu zaidi. Kwa huyu binti naona ni wadogo zake, kisha duka, kisha kwaya. Kabla hajatuma afungue PDF ya mwisho na kuisoma mstari kwa mstari, akiangalia sentensi zilizokatika mwishoni baada ya kunakiliwa kutoka kwenye simu.