Jina PANDORA kwa mtoto wa kike, naombeni ushauri

Kichwa Kizito: Wakuu, heshima kwenu. Kuna mtoto wa kike kazaliwa kwenye familia, jina linalopendekezwa ni Pandora. Mama mkubwa kasikia, anasema lina mkosi. Ni kweli? Nijibuni leo leo.

Fundi Saa: Kwa Hesiod, mshairi wa Ugiriki ya kale, Pandora ndiye mwanamke wa kwanza. Prometheus aliiba moto akawapa watu, Zeus, mungu wao mkuu, kwa hasira akaamuru mwanamke afinyangwe kwa udongo. Pandora akafunua mtungi, taabu na maradhi yakatoka yote, tumaini likabaki ndani.

Mama Junior: Mimi najua bangili tu, za ile kampuni ya Denmark. Mume wangu aliniahidi moja, akarudi na sufuria.

Ustadhi wa Mtaa: Majina ya bibi zetu yameisha hadi tukaazime Ugiriki?

Bwana Shamba: Zile nyaraka za 2021, karibu milioni 12, za mali zilizofichwa ng'ambo, ziliitwa Pandora Papers. Hadi Nairobi watu walitajwa. Huyo mtoto akiomba kazi benki?

binti_Korogwe: Mkuu, "linalopendekezwa" na nani? Baba mtoto yuko wapi, mbona unahangaika wewe?

Kichwa Kizito: Haya. Mimi ni mjomba. Dada alinituma hospitali kujaza tangazo la kizazi, niandike Mwanaidi, jina la mama mkwe wake. Nikaandika Pandora. Kwani kuna ubaya? Hata Zohali ina mwezi unaoitwa Pandora, uligunduliwa 1980 kwa picha za chombo cha anga Voyager 1. Na nimeandika kwa herufi kubwa, linasomeka vizuri.

binti_Korogwe: Yesu na Maria! Kimbia ukarekebishe kabla cheti hakijatoka.

Fundi Saa: Waingereza nao walikuwa na manowari Pandora. Ilizama 1791 kwenye matumbawe ya Australia. Nasema tu.

Mzee Kobe: Ngojeni kwanza. Si huyu aliyeleta uzi wa mirathi akilia kwamba ni mtoto pekee? Leo dada katoka wapi?

Kichwa Kizito: Mtoto wa baba mdogo si dada? Kwenu mnamwita jirani?

Mama Junior: Chai hii, tena ya maziwa 😂

Mzee Kobe: Weka picha ya tangazo. Funika jina la mama, la mtoto liache.

Kichwa Kizito: Kamera ya simu imekufa.

Bwana Shamba: Chai au si chai, Bi Mwanaidi keshajua?

Kichwa Kizito: Anashuka stendi Ijumaa.