Sindano ya insulini si unga! Na soda nikinywa msinipokonye!!

Wanajamvi nimechoka na leo nasema yote. Mimi nina sukari tangu niko praimari, ile ya kujidunga, vidonge havinifai kwa sababu mwili wangu hautengenezi insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu. Sasa wikendi tulikuwa kwenye sherehe ya kupamba bibi harusi hapa Lamu, tukaambiwa biriani yaja, nikaingia chooni nikajidunga ile ya kabla ya kula, maana ukidungia mbele za watu ni macho yote kwako. Natoka nakuta msichana kasimama mlangoni, kaiona sindano. Hakuniuliza kitu, kenda zake, na asubuhi mtaa mzima ati binti wa fulani anajidunga unga, yaani dawa za kulevya. Unga! Hapa pwani sote twajua unga umewafanya nini vijana wetu, halafu jina hilo wanibandika mimi kwa dawa ya hospitali?

Na hata hilo si ndilo lililoniuma zaidi. Chakula kikachelewa, bibi harusi hajatoka, na insulini ishaingia mwilini haingoji mtu, nikaanza kutetemeka, jasho mpaka buibui limerowa, napima sukari nakuta 3.1, na ikiwa chini ya 4 ni hatari waweza kuzirai hapo hapo. Nikachukua soda. Hata nusu sijafika shangazi kanipokonya chupa, "We si una sukari, wataka kujiua?" Shangazi huyo huyo muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa ananisukumia halua, "kidogo tu mwanangu, haidhuru", nilipokataa akasema nina maringo. Yaani sukari ikiwa juu mwanilisha, ikishuka mwaninyima!!

Mamangu naye aniambia nisiwaeleze watu, nitakosa mchumba. Kwa hivyo bora waseme natumia unga?? Mjomba wangu ana sukari, aisema wazi barazani, kila nyumba akienda apikiwa chakula chake mbali na hakuna aliyemuuliza nani atamuoza. Sisi wanawake ndio wa kuficha dawa ndani ya mkoba chini ya kanga kama tumeiba.

Nyinyi wenzangu wa sindano huwa mwadungia wapi kwenye harusi? Mimi harusi ijayo najidunga hapo hapo mkekani sahani ikishawekwa mbele yangu, atakayetaka kuangalia aangalie, na soda yangu naja nayo kutoka nyumbani, mtu asiiguse.