Namba ya uthibitisho umeitaja kwa mdomo wako: hasara ni ya nani?

Mtoa mada

Wakuu, nianze na tukio, kisha tubishane.

Shangazi yangu alipigiwa simu saa mbili usiku. Mpigaji akamwita kwa majina yake yote matatu, akamtajia tarakimu nne za mwisho za kadi, akasema kuna mtu anajaribu kununua vitu kwa kadi hiyo muda huohuo na yeye yuko kitengo cha usalama, anataka kumzuia. "Nakutumia namba, unisomee ili nifunge." Namba ikaingia, ikasomwa. Kadi ilikatwa pesa mara tatu kabla mazungumzo hayajaisha. Benki imemjibu kwa barua ya mistari minne: mteja alitoa namba mwenyewe, madai yamekataliwa.

Nimeuangalia ule ujumbe kwenye simu yake. Skrini ikiwa imefungwa, kinachoonekana ni jina la benki na tarakimu sita. Onyo la "usimpe mtu yeyote" liko mwisho kabisa, hulioni mpaka uufungue. Na hakuna popote panaposema namba hiyo inaidhinisha kiasi gani, kinakwenda kwa nani. "Namba yako ya uthibitisho ni", basi.

Swali langu: aliyelaghaiwa namna hii arudishiwe pesa zake, au abebe mzigo wake? Mimi nasema arudishiwe.

Karani Mstaafu

Pole kwa shangazi, ila naomba kutofautiana. Nimekaa dirishani benki zaidi ya miaka ishirini. Madai ya "sikufanya mimi" nimeyapokea ya kila aina, na si yote yalikuwa ya kweli. Yupo mama aliyelia mbele yangu, tukafuatilia, kumbe kadi aliichukua mwanawe wa kumzaa na namba ya siri alimpa mwenyewe. Ukitangaza kwamba kila aliyetoa namba atalipwa, kesho utapokea waliotapeliwa na waliojitapeli wenyewe, foleni moja. Na pesa hizo benki haichimbi ardhini, inazitoa kwenye makato yako wewe mwangalifu.

Mlango ukiufungua mwenyewe, usimlaumu seremala.

Mpita Njia

Mkuu Karani, seremala analaumiwa kama kitasa hakionyeshi kimefungwa au kimefunguliwa.

Halafu tujiulize yule tapeli majina matatu na tarakimu nne alizipata wapi. Shangazi hakumpa. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani, ambayo kazi yake ni kutunza kumbukumbu za mikopo ya watu, ilidukuliwa, zikaondoka taarifa za watu wapatao milioni 147: majina, tarehe za kuzaliwa, namba za hifadhi ya jamii. Wadukuzi walipitia kasoro ya programu ambayo marekebisho yake yalishatolewa miezi kadhaa kabla ya wizi kugundulika, kampuni haikuyaweka. Wengi wa watu hao hawakuwahi hata kujiandikisha kwa kampuni hiyo. Namba ya kadi unabadilishiwa. Tarehe ya kuzaliwa utabadilishiwa na nani?

Kwa hiyo taasisi inavujisha, tapeli anaokota, halafu mwisho wa mnyororo anakalishwa shangazi na kuambiwa mzembe ni yeye.

Mtoa mada

Na Uingereza wameshaamua, tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki zinalazimika kumrudishia aliyetapeliwa mpaka pauni 85,000. Benki iliyotuma na iliyopokea zinagawana nusu kwa nusu. Hiyo ya pili ndiyo iliyonifurahisha, maana akaunti ya tapeli nayo ilifunguliwa na benki fulani, kuna mtu alimkagua akampitisha.

Karani Mstaafu

Nusu ya habari hiyo mkuu. Kanuni hiyo ni ya uhamisho wa benki kwa benki, ule ambao mteja amedanganywa akautuma kwa mkono wake. Haihusu kadi. Na aliyefanya uzembe mkubwa kupita kiasi anaweza kunyimwa, isipokuwa awe mtu aliye katika hali dhaifu.

Kwa kadi tazama Marekani, hapo nakupa silaha dhidi yangu mwenyewe. Kadi ya mkopo ikitumiwa bila idhini, kikomo cha hasara ya mwenye kadi ni dola 50. Kadi inayokata moja kwa moja kwenye akaunti ina sheria yake ya mwaka 1978: ukitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu ujue kadi imepotea au kuibwa, mwisho dola 50, ukichelewa, mpaka 500, ukiziacha zipite siku 60 tangu utumiwe taarifa ya akaunti bila kusema, yanayotokea baada ya hapo yanaweza kuwa yako yote. Ndiyo maana nikimwona mtu analipia mtandaoni kwa kadi yenye akaunti ya mshahara, nasikia tumbo linauma. Kwenye kadi ya mkopo mnagombania pesa ya benki. Kwenye ile nyingine pesa yako imeshaondoka, na mabishano unayaanza ukiwa huna kitu mfukoni.

Mpita Njia

Malizia basi. Kanuni za sheria hiyohiyo ya 1978 zinasema uzembe wa mteja hauwezi kutumiwa kumwongezea hasara, hata aliyeandika namba ya siri juu ya kadi. Na mwaka 2021 ofisi ya serikali inayolinda watumiaji wa huduma za fedha ilifafanua: mtu akilaghaiwa akatoa namba, tapeli akaitumia kuhamisha pesa, muamala huo bado haukuidhinishwa. Kule shangazi angekuwa na hoja nzito.

Fundi wa Mitambo

Naingia kidogo kwa upande wa mitambo. Zamani wizi ulikuwa wa kunakili ukanda wa sumaku, unabandika kifaa kwenye mashine ya ATM na kamera juu ya vitufe. Chipu iliyo kwenye kadi za sasa inatoa alama mpya kwa kila malipo, kwa hiyo kadi bandia ikawa kazi ngumu. Wezi hawakuacha kazi, walihamia mtandaoni na kwenye simu. Sasa hawavunji mtambo, wanamwomba mwenye kadi awavunjie.

Namba kwa ujumbe mfupi ni kinga nyepesi. Laini inaweza kusajiliwa upya kwa jina lako na mtu mwingine, simu yako ikapoteza mtandao ghafla, wewe unadhani ni minara. Ukiona hivyo mahali ambapo wenzako wana mtandao, usisubiri asubuhi.

Kuhusu ujumbe usiotaja kiasi: kwenye Umoja wa Ulaya kanuni zilizoanza kutumika Septemba 2019 zinataka namba ifungwe kwenye kiasi na mpokeaji, na mlipaji aonyeshwe vyote viwili. Yaani inawezekana. Anayekutumia tarakimu sita tupu amechagua hivyo.

Msomaji Kimya

Mnaongelea kadi, mimi yangu ilikuwa jina zima. Nilinyimwa mkopo, nikaambiwa ninao mwingine haujalipwa. Nikaomba kuona fomu. Picha ya kitambulisho yangu, namba ya simu si yangu, na kwenye sahihi jina langu limekosewa herufi moja. Mtu hawezi kukosea jina lake mwenyewe, nikawaambia. Wakasema nilete uthibitisho kwamba si mimi. Utathibitishaje kitu ambacho hukukifanya? Ilinichukua miezi saba na mafaili mawili. Tangu hapo kila nikitoa nakala ya kitambulisho naandika juu yake tarehe na kazi inayokwenda kufanya, herufi kubwa, katikati.

Karani, hapo nani alifungua mlango?

Karani Mstaafu

Hapo si wewe. Aliyekopesha bila kukagua alipe, sina ubishi.

Mtoa mada

Basi nipunguze dai langu kidogo. Ujumbe ukitaja kiasi na mpokeaji waziwazi, mwanzoni, na mteja akausoma kwa tapeli hata hivyo, wagawane hasara. Ukiwa ni tarakimu tupu, benki ilipe yote. Karani, hapo tunakutana?

Karani Mstaafu

Karibu. Ila kamuulize shangazi kwanza: kiasi kingeandikwa, asingeitaja namba?

Mtoa mada

Nimemuuliza. Anasema miwani ilikuwa chumbani. Namba alisomewa na mjukuu wake wa miaka tisa.