Mjadala: Pazia la mabilioni ya dola kuzuia barafu ya Antaktika isiyeyuke. Tuunge mkono au tupinge?

Nahodha Mstaafu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kuna ugomvi kati ya wanasayansi wa barafu, na upande wowote ukikosea, watakaolipa ni sisi watu wa pwani. Nauleta hapa tuujadili.

Magharibi mwa Antaktika kuna mto wa barafu, yaani barafu nene inayosogea polepole kuelekea baharini, uitwao Thwaites. Eneo lake linakaribia nchi kavu ya Uganda, maziwa ukiyatoa. Barafu yake yote ikiingia baharini, bahari za dunia nzima zitapanda sentimita 65, na nyuma yake ipo barafu nyingine inayoweza kuzipandisha zaidi ya mita 3. Kinachoutafuna si jua. Ni maji ya kilindini yenye joto la nyuzi 1 hivi, yanayopita kwenye mabonde ya sakafu ya bahari ya Amundsen na kujipenyeza chini ya barafu. Nyuzi 1 ni baridi ya kumtetemesha mtu, lakini kule chini, penye chumvi na mgandamizo mkubwa, barafu huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Tena sakafu iliyokaliwa na Thwaites inazidi kushuka kadiri unavyoelekea bara, kwa hiyo barafu ikirudi nyuma inajikuta kwenye maji marefu zaidi.

Mwaka 2018 John Moore wa Chuo Kikuu cha Lapland, Finland, na wenzake walitoa hoja katika jarida la Nature kwamba tusikae tukingoja, tuyazuie hayo maji. Baadaye wazo likakomaa likawa pazia lililotiwa nanga sakafuni, urefu wa kilomita 80, kwenye kina cha mita 600 hivi. Makadirio yaliyotolewa 2023 ni dola bilioni 40 hadi 80 kulijenga, na bilioni 1 hadi 2 kila mwaka kulitunza.

Mwaka 2025 makumi ya wataalamu wa ncha za dunia, wakiongozwa na Martin Siegert wa Chuo Kikuu cha Exeter, walipima mapendekezo matano ya aina hii, pazia likiwemo. Wakasema hakuna hata moja linalofaa, na kwamba yatatupotezea muda wa kupunguza hewa ukaa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili nipigwe mawe mapema: utafiti uendelee. Sijasema lijengwe. Ila wanaotaka hata utafiti usifadhiliwe wengi wanaishi kwenye nchi zinazoweza kujijengea kuta. Pemba haina uwezo huo.

Mhasibu wa Kariakoo

Mkuu, umepita mbio kwenye hesabu. Bajeti nzima ya serikali yetu ya 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35, chini ya dola bilioni 20. Pazia moja ni bajeti zetu mbili hadi nne, na huko chini ya maji makadirio ya kwanza huwa ndiyo ya chini kabisa. Hakuna mradi wa baharini niliowahi kuusikia ukamalizika kwa bei ya karatasini.

Halafu fedha zenyewe zitatoka fungu gani? Mataifa makubwa yakishatoa bilioni 80 kwa ajili ya Thwaites, mwaka unaofuata ukiomba ya kuinua barabara au kuchimba kisima kipya Bagamoyo utaambiwa: tumeshawasaidia kule kusini.

Kijana wa Jang'ombe

Mimi mnanichanganya. Weka barafu kwenye glasi ya maji, weka alama, subiri iyeyuke. Maji hayapandi hata kidogo. Sasa hizo sentimita 65 zinatoka wapi? Na mbona barafu ya Kilimanjaro inakwisha miaka yote hii na forodhani maji ni yale yale?

Mwalimu wa Jiografia

Mdogo wangu, jaribio lako ni sahihi, ila ni la barafu inayoelea. Barafu inayoelea imeshasukuma maji ya uzito wake, ikiyeyuka haibadilishi kitu, au inabadilisha kidogo mno. Inayopandisha bahari ni ile iliyokaa juu ya nchi kavu, au iliyoegemea sakafu ikiwa imesimama juu sana kupita usawa wa maji. Antaktika ina barafu ya aina hiyo ya kutosha kupandisha bahari mita 58 hivi. Greenland, kile kisiwa kikubwa cha barafu kaskazini, ni mita 7 na ushee. Mito yote mingine ya barafu duniani, Himalaya, Alaska, Andes, Alps, ukijumlisha haifiki hata nusu mita. Kilimanjaro humo ni tone. Ikiisha yote kesho hakuna chombo kitakachoona tofauti baharini.

Lakini usiidharau inayoelea. Kazi yake ni ya jiwe linalowekwa nyuma ya tairi la lori mlimani: halibebi mzigo, ila ukiliondoa lori linaondoka. Mwaka 2002 kipande kinachoelea kiitwacho Larsen B, huko huko Antaktika, zaidi ya kilomita za mraba 3,000, kilisambaratika ndani ya wiki chache. Bahari haikupanda kwa sababu hiyo. Kilichofuata ndicho cha kuangalia: mito ya barafu iliyokuwa nyuma yake iliongeza mwendo, mingine mara kadhaa, ikawa inamwaga baharini barafu ya nchi kavu.

Tangu 2002 kuna satelaiti zinazopima uzito wa barafu kwa kuhisi mvuto wake. Greenland imekuwa ikipoteza wastani wa tani bilioni 270 hivi kwa mwaka, Antaktika karibu nusu ya hapo. Kila tani bilioni 360 ni milimita 1 ya bahari ya dunia nzima. Ongeza maji yenyewe kutanuka kwa joto, ambako kwa muda mrefu ndiko kulikoongoza. Satelaiti za kupima bahari zilipoanza 1993 kasi ilikuwa kama milimita 2 kwa mwaka; sasa inazidi 4.

Kuhusu pazia, mimi napinga. Nitarudi.

Shangazi wa Tanga

Wanangu, kabla ya kwenda Antaktika piteni Pangani. Kisiwa cha Maziwe kilikuwa na miti na kasa walikuja kutaga. Miti ilipokatwa, mchanga haukuwa na wa kuushika, mawimbi yakala mpaka kikabaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Hiyo ni miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, bahari ilikuwa haijapanda kiasi cha kumeza kisiwa. Leo watu wanachimba mchanga pwani, wanakata mikoko kuchoma mkaa na chokaa, nyumba ikiliwa wanasema tabianchi. Viongozi nao wamelipenda neno hilo, maana halina wa kushitakiwa.

Mimi naomba fedha za mikoko. Pazia ni la nani?

Nahodha Mstaafu

Shangazi, shikamoo. Kwa Maziwe sibishi. Lakini hayo mawili yanakutana. Bahari ya dunia imepanda sentimita 20 hivi tangu mwanzo wa karne iliyopita, na fukwe zetu ni tambarare. Wimbi la bamvua linaanzia juu zaidi kuliko zamani. Mashamba ya mpunga yanayoingiwa na maji ya chumvi Unguja na Pemba hayakuharibiwa na mchimba mchanga peke yake. Na mikoko yako inaweza kupanda pamoja na bahari kwa kukusanya tope, ila ikizidiwa kasi inazama. Kasi hiyo inaamuliwa kwa sehemu kubwa na barafu.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawaliambiwi. Barafu kubwa ina mvuto, inayavuta maji ya bahari kuelekea kwake. Ikipungua, maji ya jirani yake yanashuka, na ya mbali yanapanda kupita wastani. Kwa hiyo Greenland ikiyeyuka, pwani za Greenland zenyewe zinaona bahari ikishuka. Sisi tuko mbali na ncha zote mbili, hatuna unafuu huo.

Mdau wa Kilindini

Mnajadili kama vile mtaulizwa. Antaktika inaongozwa na mkataba uliosainiwa 1959 na nchi 12. Sasa zenye kura ni 29. Afrika nzima yenye kura ni moja tu, Afrika Kusini, na ilikuwemo tangu siku ya kwanza, enzi za makaburu. Kenya haimo. Tanzania haimo. Uamuzi hupita kwa maafikiano, yaani nchi moja ikikataa shauri limekufa, na itifaki ya mazingira ya 1991 inataka kila shughuli ipimwe athari zake kwanza. Hebu niambieni pazia la kilomita 80 litapitaje hapo wakati Urusi na China zimeshindwa kuafikiana na wengine hata juu ya hifadhi mpya za bahari kule.

Na likijengwa, nani mwenye ufunguo? Nchi zitakazolilipia zitajiona zina haki ya kukaa pale daima. Madai ya ardhi yaliyogandishwa na ule mkataba yatayeyuka kabla ya Thwaites.

Mwalimu wa Jiografia

Nimerudi. Mdau amesema la siasa, mimi niseme la maji. Ukiyazuia maji ya joto yasifike Thwaites hayafi, yanaelekea kwingine. Majirani wa Thwaites, Pine Island ukiwa mmojawapo, nao wanatafunwa. Watetezi wa pazia wanajua hili ndiyo maana michoro yao inalinda zaidi ya mto mmoja, lakini kila ukirefusha pazia bei inapanda. Pili, bahari ya Amundsen imejaa barafu sehemu kubwa ya mwaka na meli kubwa za utafiti zimewahi kushindwa kuukaribia mto huo. Tatu, vipande vya barafu vyenye kina cha mamia ya mita vinakwangua sakafu njiani. Nne, pazia haligusi Greenland, ambako sehemu kubwa ya upotevu ni uso kuyeyuka kwa hewa ya joto.

Na sayansi ya Thwaites yenyewe haijatulia. Roboti Icefin iliyoteremshwa chini yake ilionyesha, katika matokeo ya 2023, kuwa sehemu iliyo bapa inayeyuka polepole kuliko ilivyohofiwa, ila ndani ya nyufa na ngazi za barafu uyeyukaji ni mkali. Mwaka 2024 utafiti wa Mathieu Morlighem na wenzake ukaona kuwa ile hofu ya kuta ndefu za barafu kuporomoka mfululizo huenda isitimie Thwaites karne hii. Unajenga ukuta kwa adui ambaye hujamjua mwendo wake?

Nahodha Mstaafu

Mwalimu, hoja yako ya mwisho ndiyo inayonipa haki. Kama mwendo wake haujulikani, unamjuaje bila kumfuatilia? Jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, IPCC, lilipotoa ripoti ya 2021 liliweka makadirio ya 2100 kati ya sentimita 28 na mita 1.01 kutegemea hewa ukaa, kisha likaongeza kwamba karibu mita 2 haiwezi kuondolewa kabisa mezani. Pengo hilo lote kati ya mita 1 na mita 2 ni barafu. Kwa Mji Mkongwe au Lamu tofauti hiyo ni kati ya kuzoea na kuhama.

Hoja ya Mhasibu ya fungu moja naiona ndiyo nzito kuliko zote humu. Nakubali sharti liwe hivi: hata senti moja isitoke kwenye fedha za kuwasaidia walioathirika. Upo mpango wa kujaribu pazia dogo kwenye fiodi (mkono mwembamba wa bahari unaoingia bara) ya Norwei. Wajaribu huko, kwa fedha zao, kwenye maji yao.

Kijana wa Jang'ombe

Na likichanika nani atakwenda kulishona?

Mhasibu wa Kariakoo

Ndiyo ile bilioni 1 hadi 2 kila mwaka, kijana. Na tambua kuwa si kwa miaka kumi. Maji ya joto yatakuwepo karne kadhaa, kwa hiyo wajukuu wa wajukuu wako watakuwa wanalipia matengenezo ya kitu ambacho serikali fulani, mwaka fulani wa uchaguzi, inaweza kuamua kuacha kukilipia. Nahodha, sharti lako liandike kwenye mkataba uniletee niusome ndipo nibadilishe kura yangu.

Mdau wa Kilindini

Mkataba gani, na nani wa kuusaini kwa niaba yetu? Mwanzo ni Kenya na Tanzania kuomba kujiunga na ule wa 1959. Kujiunga hakuzuiwi kwa mwanachama yeyote wa Umoja wa Mataifa, ila kura inapatikana ukionyesha unafanya utafiti wa maana kule. Nani humu anajua kama wizara yoyote yetu imewahi kulifikiria hilo?