Naomba ushauri: mashine ya kukereza inakosa nguvu mwendo ukiwa mdogo

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Mimi ni seremala hapa Bagamoyo. Nimenunua mashine ya kukereza (ile inayozungusha mti huku ukiuchonga) ambayo mwendo unabadilishwa kwa swichi ya kuzungusha, na ina puli (magurudumu ya mkanda) za ngazi tatu. Miguu ya vitanda inatoka safi kabisa. Shida ni mabakuli. Nikifunga kipande cha mwembe cha sentimita 30, kikiwa bado na pembe, nashusha mwendo hadi mizunguko 300 kwa dakika ili mashine isitikisike. Bobari (patasi yenye makali ya mviringo) ikigusa tu, mti unasimama! Mota nayo inachemka mno, nadhani kwa kuwa feni yake iko kwenye shafti ileile ya mota. Ikizunguka polepole haipozi.

Fundi mmoja kanishauri nihamishe mkanda: puli ndogo upande wa mota, kubwa upande wa mti, kisha nipandishe swichi. Mwendo ubaki uleule, nguvu iongezeke. Hesabu naielewa, ninachohofia ni mkanda kuteleza. Kuna aliyejaribu? Na je, nichonge pembe kwanza kwa tezo, au nikereze hivyohivyo kidogokidogo? Nina oda ya mabakuli sita, na mwembe mbichi hausubiri, unapasuka.