MREJESHO: Ninunue DAC ya nje au niache?

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama DAC ya nje (kifaa kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa mawimbi ya umeme ya kupeleka kwenye amplifaya) itaondoa ule mvumo kwenye spika nikicheza muziki kutoka laptop. Asanteni mlioniambia nichomoe chaja kwanza: mvumo ulikata palepale! Kumbe ulikuwa unapita kwenye ethi ya umeme, yaani ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. DAC ya USB niliyoikazia macho nikaiacha, nikachukua ndogo ya kebo ya mwanga (optical), maana mwanga haubebi umeme wa ethi. Laptop inaingia TV kwa HDMI, TV inatoa kwenye DAC, halafu amplifaya. Mwanzoni kimya kabisa, mpaka nilipobadili sauti ya TV kuwa PCM, yaani sauti ya kidijitali isiyobanwa, ambayo DAC inaielewa. Sasa safi, hata chaja ikiwa imechomekwa. Ila rimoti ya TV haipandishi tena sauti, nanyanyuka mwenyewe. Na MP3 zangu za 128 kbps, zile zilizobanwa sana? Zinakwaruza vilevile.