Kwa nini Argentina ilimchagua Milei?

Swali: Ndugu wanajukwaa, naomba kufahamishwa ni nini kiliwafanya wapiga kura wa Argentina wamchague Javier Milei kuwa rais mwaka 2023, na iwapo ushindi huo uligusa mataifa mengine.

Jibu la 1: Chanzo kikuu ni ugumu wa maisha, kwani mfumuko wa bei kwa mwaka ulikuwa umepita asilimia 140 kabla ya duru ya pili ya Novemba, na mpinzani wake, Sergio Massa, ndiye aliyekuwa waziri wa uchumi. Kumteua waziri huyo kuwa mgombea, kwa maoni yangu, kulikuwa kumrahisishia Milei kazi.

Jibu la 2: Kimataifa, Milei aliukataa uanachama wa BRICS (kundi la mataifa yanayoinukia kiuchumi, kama Brazil, Urusi, India, China na Afrika Kusini), ambao Argentina ilitarajiwa kuanza Januari 2024.